Jinsi ya kupunguza kutangaza mbio bila kugombana na ofisi wala nyumbani

Msimu wa mbio ukifunguka, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Mtu anatangaza mbio wikiendi, kipaza mkononi pale uwanjani, ana ajira inayompeleka mikoani, ana mtoto anayecheza mpira au netiboli, na sasa mambo yamembana. Anauliza: niache zote kwa mpigo? Nianze na ipi? Nimwambieje mwandaaji niliyefanya naye kazi miaka yote hii? Kipaza nimwachie nani?

Mwongozo huu unajibu hayo kwa mpangilio wa kuyafanyia kazi. Nimeuandika nikimfikiria mtangazaji anayeishi Dar es Salaam, lakini aliyeko Eldoret au Kigali ataona shida ni hiyohiyo, barabara tu ndizo tofauti.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Usiache ghafla, na usipunguze kwa kukataa mbio hii na ile kila unapochoka. Punguza kwa kalenda, na kila kiti unachokiacha kiwe na mtu wa kukikalia. Ukifuata utaratibu huu, misimu miwili inatosha kutoka kwenye kila wikiendi hadi mbio chache unazozipenda, au hadi sifuri.

KABLA HUJAANZA

Kaa chini jioni moja ukiwa na vitu hivi:

- Kalenda moja ya mwaka mzima. Moja tu. Ya simu ni nzuri kwa sababu mwenzako nyumbani anaweza kuiona, ila hata ya ukutani inafaa.
- Orodha ya mbio zote ulizotangaza mwaka uliopita, pamoja na malipo uliyoyapata mkononi, si yale mliyokubaliana.
- Ratiba ya safari za kazini, walau ya robo mwaka. Kama haijatoka, muulize anayeandaa mpango kazi, huwa anajua.
- Tarehe za mashindano ya watoto, au ya timu yako mwenyewe kama bado unacheza veterani. Kocha ndiye wa kumuuliza. Mtoto atakwambia "Jumamosi" bila kusema Jumamosi ipi.
- Jina la mtu mmoja au wawili ambao umewasikia wakishika kipaza, ukaona wana kitu.

Hilo la mwisho watu huliahirisha hadi mwisho wa safari. Liandike sasa, hata kama huna uhakika naye.

HATUA YA 1: Pima kila mbio kwa siku inazokula

Wengi huhesabu Jumapili tu, na hesabu hiyo ndiyo inayowaponza. Chukua marathoni ya Moshi kwa mtu wa Dar. Ijumaa unasafiri. Jumamosi kuna kikao cha waandaaji, kujaribu mitambo, kupitia orodha ya wadhamini, na kuzunguka kwenye hema la kugawa namba na fulana. Jumapili unaamka saa 9 usiku, saa 10 alfajiri uko uwanjani, na utasimama mpaka mtu wa mwisho aingie na zawadi zitolewe, ambapo mara nyingi mchana umeshakolea. Jumatatu uko barabarani, au uko ofisini huna sauti. Hiyo ni mbio moja, siku nne.

Sasa chukua bonanza la joging klabu za mtaani kwako, kilomita 5 na mazoezi ya viungo. Unaondoka nyumbani saa 11 alfajiri, na saa 4 asubuhi umerudi unakunywa chai na wanao.

Andika idadi ya siku mbele ya kila mbio kwenye orodha yako. Kisha chukua malipo, toa nauli, chakula na malazi uliyojigharamia, halafu gawanya kwa siku hizo. Usione aibu kuhusu kinachotoka. Mbio nyingi za mbali zenye jina la wastani hukulipa kwa siku pungufu ya unachodhani, na zile ndogo za nyumbani huwa hazina hasara kubwa kama watu wanavyozisema.

Angalizo: malipo mengi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kama huduma. Hesabu kilichobaki baada ya makato, na mdai mwandaaji hati ya makato hayo. Usipoidai mapema, kuitafuta baadaye ni kazi nyingine.

HATUA YA 2: Jaza kalenda kwa mpangilio huu, usiugeuze

Kwanza safari za kazi. Pili fainali na mashindano makubwa ya watoto. Tatu mbio. Ukianza na mbio, hutapata nafasi ya mengine, kwa sababu mbio hutangazwa miezi mingi kabla na huonekana kama jambo lisilosogezeka.

Tazama Juni kwa makini. Serikalini na kwenye taasisi nyingi mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, kwa hiyo Mei na Juni safari hujazana: ukaguzi, semina, ziara za miradi ambayo fedha yake isipotumika itarudi. Ni katikati ya mwaka huohuo ambapo mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari huchezwa. Kwa wale wanaovuka mpaka, marathoni ya Lewa kule Kenya nayo ni Juni. Ushauri wangu ni kuifunga Juni yote: hakuna mbio, hata ya jirani. Mwezi mmoja uliofungwa hukupa pumzi kuliko mbio nne ulizokataa mwaka mzima kwa kubabaisha.

Angalia pia mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, ambapo Kilimanjaro Marathon huchukua wikiendi yake pale Moshi, na Oktoba, ambapo mbio huwa nyingi na Nairobi nao kwa kawaida hukimbia marathoni yao. Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usiiweke kwa mazoea ya mwaka jana. Mtangazaji anayefunga akasimama juani kuanzia alfajiri bila maji ana shughuli ya kweli. Kama ni wewe, zipe wikiendi hizo kipaumbele cha kuziacha.

Kwa watoto, usiahidi mechi zote. Mwombe kocha akutenganishie mechi za makundi na zile za mtoano, uziweke za mtoano kwenye kalenda kwa wino, na kwa zile za makundi chagua chache. Mtoto anavumilia baba au mama asiyekuja kwenye mechi aliyoambiwa mapema kwamba hatakuja. Aliyeambiwa "nitajitahidi" ndiye anayeangalia jukwaani kila dakika.

Kosa la kawaida: kuweka mbio Jumapili na safari ya kazi Jumatatu asubuhi kwa sababu tarehe hazigongani. Zinagongana. Weka siku moja tupu baada ya kila mbio ya mbali, uiandike kwenye kalenda kama shughuli.

HATUA YA 3: Chagua za kubaki

Watu wengi wanapoanza kupunguza huacha zile ndogo na kubaki na kubwa, kwa sababu kubwa zina heshima. Mimi nasema fanya tofauti. Zinazostahili kuondoka kwanza ni za kati zilizo mbali: zinakula siku tatu au nne, mitambo yake ni ya kubahatisha, na malipo hufika baada ya kukumbushana mara kadhaa. Baki na moja kubwa unayoipenda na zile za karibu ambazo saa 4 asubuhi zimekuachia.

Vigezo vinavyonisaidia:

1. Je, nitalala kitandani kwangu usiku wa kabla?
2. Je, mwandaaji hulipa sehemu ya awali na kumaliza kwa wakati?
3. Je, kuna mtu pale ambaye ninaweza kumfundisha kazi?
4. Je, mbio hii ingekuwa mwezi ujao, ningefurahi?

Mbio isiyo na "ndiyo" hata mbili iandikwe kwenye orodha ya kuondoka. Na zile zinazokulipa kwa fulana, medali na maneno "utajitangaza", unazipunguza ili uache kutangaza, sasa kujitangaza kwa nini?

Usiondoke kwenye zote msimu mmoja. Gawanya orodha mara mbili: za kuacha mwaka huu, na za kuacha mwaka kesho baada ya kumwandaa mrithi.

HATUA YA 4: Waambie waandaaji, kwa maandishi, mapema

Wakati mzuri wa kumwambia mwandaaji ni wiki mbili tatu baada ya mbio yake, uchovu umemtoka na hajaanza mipango ya mwaka kesho. Wakati mbaya kabisa ni siku ya mbio, na mbaya zaidi ni mwezi mmoja kabla. Kama umechelewa, basi walau miezi minne kabla.

Mpigie simu kwanza, kisha mwandikie. Simu pekee husahaulika, na ujumbe pekee huonekana dharau kwa mtu mliyekula naye wali uwanjani. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi, Kaka. Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya jana. Kama nilivyokueleza, kuanzia mwaka kesho sitaweza kutangaza mbio yetu kama mtangazaji mkuu kwa sababu ya majukumu ya kazi na familia. Ninapendekeza kijana wetu ambaye mwaka huu alitangaza kilomita 5. Niko tayari kukaa naye siku ya maandalizi na kumkabidhi kumbukumbu zote. Naomba tupange siku tuonane wote watatu kabla ya mwezi kuisha."

Unaona kwamba ujumbe hauombi ruhusa. Unataarifu, unapendekeza mtu, unatoa tarehe. Ukiandika "nafikiria kupunguza kidogo", mwandaaji atasoma "ongeza dau", na atakupigia na dau lenyewe. Hapo wengi huanguka.

Kama mwandaaji ni mtu mzima kwako, nenda ofisini kwake. Shikamoo ya ana kwa ana hubeba nusu ya ujumbe.

HATUA YA 5: Tenganisha mkoba wa ofisi na mkoba wa mbio

Kishawishi kipo: ofisi inakutuma Dodoma Alhamisi na Ijumaa, na Dodoma kuna mbio Jumapili. Unaweza kufanya vyote viwili, lakini kwa masharti.

Mweleze mkuu wako kwa maandishi kabla ya safari kwamba utabaki mwishoni mwa wiki kwa shughuli zako. Siku ambazo si za kazi usizidai posho ya kujikimu. Gari la ofisi lisikupeleke uwanjani, hata kama dereva ni rafiki yako na uwanja uko njiani. Mtu mmoja akipiga picha gari hilo likiwa nyuma ya bango la mdhamini, maelezo yake yatakuwa marefu. Ukihitaji Jumatatu, omba likizo ya siku moja, usitegemee "nitawahi".

Masurufu uliyochukua, yaani fedha ya safari ya ofisi, yarejeshe ukiwa bado hukohuko au siku unayoingia ofisini, kabla hujaanza kuelezea wenzako mbio ilivyokuwa. Risiti za hoteli za usiku wa kazi na za usiku wa mbio zidai tofauti, ziweke kwenye bahasha tofauti. Zikichanganyika, mhasibu hatajua ipi ni ipi, na wewe hutakumbuka.

Kuna waajiri ambao wanataka uwaombe kibali cha kufanya kazi nyingine ya malipo. Soma mkataba wako. Kama kifungu hicho kipo na hukuwahi kuomba, huu ndio wakati wa kuomba, maana unaomba kwa shughuli inayopungua na mwajiri atakubali kwa urahisi.

HATUA YA 6: Mwandae mrithi kwa mbio tatu

Hapa ndipo kazi ilipo. Mwandaaji hakukatalii kuondoka. Anaogopa kubaki na mtu asiyejua kazi. Ukimpa mtu anayejua, anakuaga kwa moyo mkunjufu.

Mbio ya kwanza: mrithi anakaa kando yako. Anasoma matangazo ya wadhamini, ya vyoo, ya maegesho, ya mtoto aliyepotea. Hagusi mwanzo wala mwisho wa mbio.

Mbio ya pili: anachukua kilomita 5 na utoaji zawadi. Wewe unabaki na mbio ndefu.

Mbio ya tatu: anachukua vyote. Wewe unakaa kwenye hema la taarifa, mbali na kipaza, na unamfikia tu akikuita. Ukikaa karibu naye utampokonya kipaza bila kujijua, na umati utakuwa unaangalia wewe.

Mambo ya kumfundisha, ambayo hayajifunzi kwa kusikiliza tu:

Majina. Amfuate mkimbiaji Jumamosi anapochukua namba, amuulize jina lake linatamkwaje, aliandike kama anavyolisikia. Majina ya vijana wa Mbulu, Hanang na Karatu hayasomeki kwa kubahatisha. Kwa Wakalenjini, Kip- kwa kawaida huanza jina la mwanamume na Chep- la mwanamke, jambo linalomsaidia asimwite dada "huyu bwana". Kwa Waethiopia, jina la pili ni la baba. Mwite mkimbiaji kwa jina lake la kwanza.

Muda. Kuna muda wa bunduki, unaohesabiwa tangu mlio wa kuanza, na muda wa chipu, unaohesabiwa tangu mkimbiaji mwenyewe avuke mstari wa kuanzia. Nafasi za washindi wa mbele hutangazwa kwa anayetangulia kuvuka mstari; wale wa nyuma, waliochukua dakika kadhaa hata kuufikia mstari wa kuanzia, hufurahia muda wa chipu. Asiyejua tofauti hii atagombana na nusu ya wakimbiaji.

Mshindi. Asimtaje mpaka kifua kivuke mstari. Mfano ninaoutumia ni wa Tokyo, Septemba 2025: Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya dunia kwa muda uleule wa 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Petros alikuwa mbele kwenye mita za mwisho. Mtangazaji mwenye haraka angeshampa dhahabu Mjerumani, na Tanzania nzima ingemkumbuka mtangazaji huyo hadi leo.

Mgonjwa. Mkimbiaji akianguka, taja eneo na ita huduma ya kwanza, usitaje jina. Huenda mama yake yuko jukwaani. Muziki upunguzwe, sauti yako ishuke, uendelee kuzungumza mambo ya kawaida ili watu wasikimbilie pale.

Mgeni rasmi. Atachelewa. Mrithi asiahirishe mbio wala asiahidi kwamba itaanza baada ya dakika tano. Uamuzi wa kuanza ni wa mkurugenzi wa mbio peke yake. Kazi ya mtangazaji ni kuwaweka watu wakiwa wamepasha mwili na kuwapa taarifa za kweli. Ndiyo maana nasema kila mtangazaji awe na dakika ishirini za maneno mfukoni: historia ya mbio hiyo, njia inavyopita, wapi kuna mlima, vituo vya maji viko wapi, na hadithi fupi za kina Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch mwaka 1974, au Juma Ikangaa aliyeshinda New York mwaka 1989. Umati wa asubuhi hupenda hizo kuliko "mikono juu".

Na mlipe. Mbio ya kwanza mpe nauli na kitu kidogo kutoka mfukoni mwako. Ya pili mgawane. Ya tatu malipo yawe yake, na mkataba uwe wa jina lake. Mrithi anayefanya kazi kwa malipo yako hajarithi kitu, umejiajiria msaidizi.

HATUA YA 7: Linda mwili na sauti kwenye safari zilizobaki

Usiendeshe gari baada ya kutangaza. Umeamka saa 9 usiku, umesimama zaidi ya saa nane, na kutoka Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500 zenye malori. Lala pale, uondoke asubuhi, au panda basi. Mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 yaliwarahisishia wengi, ila sikushauri kufika alfajiri na kuingia kikaoni saa 2. Kwa Morogoro na Dodoma treni ya mwendokasi iliyoanza 2024 imebadilisha hesabu kabisa: unalala kwenye kiti, hakuna tochi za trafiki, na unafika saa inayojulikana. Kata tiketi ya kurudi kabla hujaondoka, maana Jumapili jioni hujaa.

Kuhusu sauti, wengi hula tangawizi na limau wakidhani wamemaliza. Maji ndiyo kitu, tena kuanzia Jumamosi, si Jumapili koo likishakauka. Mambo mengine ni haya: usikohoe kwa nguvu kusafisha koo, meza mate au kunywa maji. Usinong'one Jumatatu ukidhani unaipumzisha sauti. Kunong'ona huikaza, ni afadhali unyamaze au useme kwa sauti ya chini ya kawaida. Na mwambie fundi mitambo akuwekee spika ndogo ya kujisikia. Mtangazaji asiyejisikia hupiga kelele hata kama uwanja mzima unamsikia.

Kama Jumanne una wasilisho ofisini, mwachie mrithi au mwenzako zawadi za Jumapili. Utoaji zawadi ndio unaomaliza sauti, kwa sababu unapiga kelele juu ya muziki.

HATUA YA 8: Kabidhi na ufute

Kwa kila mbio unayoiacha, andaa faili moja: mtiririko wa siku kwa saa, matamshi ya majina ya wadhamini, mipangilio ya muziki, majina ya mafundi mitambo na nani wa kumpigia umeme ukikatika. Mkabidhi mrithi, nakala kwa mwandaaji.

Halafu futa. Kwenye simu yako kuna orodha za wakimbiaji zenye majina, umri, namba za simu na mara nyingine maelezo ya afya. Si zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na orodha ya watu elfu mbili iliyobaki kwenye kundi la WhatsApp ni mzigo usio na faida kwako. Jitoe pia kwenye makundi ya waandaaji. Ukibaki, saa 5 usiku utaulizwa jenereta liko wapi, na utajibu.

Ukisema kwenye kipaza kwamba hii ndiyo mara yako ya mwisho, iwe ya mwisho. Tuna wasanii na wachezaji walioagwa mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyesimama kupiga makofi. Kama hujaamua, usiseme kitu.

UKIKWAMA

Safari ya kazi imetokea Alhamisi na mbio ni Jumapili. Nenda safari ya kazi. Mpigie mwandaaji dakika hiyohiyo, si baada ya kutafuta njia, na mpe jina la mrithi. Kama ulipokea malipo ya awali, yarudishe siku hiyo au umpe mrithi mbele ya mwandaaji.

Fainali ya mtoto na mbio kubwa siku moja. Kama fainali ilikuwa kwenye kalenda kwanza, mbio inaondoka. Kama mbio ilikuwa kwanza na umesaini, tekeleza mkataba, lakini mwambie mtoto mwenyewe, siku nyingi kabla, na panga nani atamrekodia. Usijaribu kuondoka katikati ya mbio ukimbilie uwanja wa pili. Foleni ya Jumapili kwenye njia zilizofungwa kwa ajili ya mbio hiyohiyo itakukosesha vyote.

Mwandaaji ameongeza dau. Rudi kwenye hesabu ya Hatua ya 1, weka dau jipya, gawanya kwa siku. Likikuvutia kweli, badilisha na mbio nyingine iliyo kwenye orodha ya kubaki, usiongeze. Idadi isipande.

Pengo la kipato linauma. Kabla hujarudi kwenye safari za mbali, tafuta kazi za karibu zinazotumia ujuzi uleule: mahafali, bonanza za mashirika, kurekodi matangazo ya mbio ukiwa nyumbani. Waandaaji wengi hawajui kwamba unaweza kuwarekodia maelekezo ya usalama na ya njia wakayapiga kila dakika kumi. Waambie.

Mrithi amevurunda. Kaa naye Jumatatu, si jukwaani. Chukua kosa moja tu, mlirekebishe, mbio inayofuata mchukue jingine. Kama kosa ni la tabia, mathalani amekuja amelewa au amedai wadhamini fedha kivyake, mwambie mwandaaji ukweli na tafuta mwingine. Ndiyo maana mwanzoni nilisema andika jina moja au hata mawili.

Watu wanakuita "MC" hadi msibani na wanakuomba ushike kipaza. Kubali pale moyo unapotaka, na pale ambapo hutaki, mtaje mrithi kwa jina na umpe namba yake ya simu, kwa idhini yake. Baada ya mara kadhaa wataanza kumpigia moja kwa moja.

Sauti imekauka na hairudi. Siku chache ni kawaida baada ya mbio. Ikizidi wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo, hata kama hakuna maumivu, na usishike kipaza mpaka akutazame.